Makaburi ya Arua na Koboko: Haki ya Maiti na Wajibu wa Askari

Kila ifikapo tarehe 24 Juni, watu hukusanyika Ombaci, maili chache kaskazini ya mji wa Arua, kuwakumbuka na kuwaombea jamaa zao waliouawa mahali hapo mwaka 1981 na kuzikwa katika kaburi la pamoja. Waliouawa hawakuwa askari. Walikuwa raia, wengi wao wanawake, wazee na watoto, waliokimbilia katika misheni ya Kikatoliki wakiamini kwamba nyumba ya ibada na bendera ya Msalaba Mwekundu vingewakinga na vita. Waliowaua walikuwa watu wenye sare, wenye kulipwa mshahara na serikali, na walioapa kuwalinda raia hao hao. Kwa sababu hiyo habari ya makaburi ya West Nile haiwezi kuachiwa mapadre, masheikh na wanahistoria peke yao. Inaingia pia kambini na katika kituo cha polisi, kwa kuwa katika historia ya sehemu hiyo mtu mwenye bunduki ndiye aliyeamua, mara nyingi kupita kiasi, nani azikwe, nani atupwe na nani asahauliwe.

Kwanza hapana budi kufahamu kaburi ni kitu gani kwa wenyeji wa huko. Masimulizi ya kale ya Walugbara yanawataja mashujaa wawili, Jaki na Dribidu, ambao wazao wao ndio waliozaa koo nyingi za nchi hiyo. Jaki, ambaye Wakakwa pia wanamhesabu kuwa mzee wao, anahusishwa na mlima Liru ulio karibu na Koboko. Dribidu anahusishwa na mlima Wati, ambao Walugbara huuita Eti. Husimuliwa kwamba kila mmoja alifia katika mlima wake. Kwa hiyo milima miwili mirefu inayoonekana kutoka mbali, ambayo askari wa doria huitumia kujua mahali alipo, ni milima ya maiti wakubwa. Kabla ya kuwapo ramani na mawe ya mipaka, watu wa huko walijua nchi yao inaanzia wapi kwa kujua wazee wao walifia wapi.

Mwanachuoni Mwingereza John Middleton, aliyekaa miongoni mwa Walugbara kati ya mwaka 1949 na 1952 na kutoa kitabu juu ya dini yao mwaka 1960, alieleza jinsi wazee walivyojenga vijumba vidogo vya mawe bapa katika miji yao kwa ajili ya marehemu, na jinsi sadaka ilivyotolewa hapo mtu alipougua au ndugu walipogombana. Kaburi la mzee mwenye jina lilipandwa mti wa jamii ya mkuyu, na mti huo ulipokuwa mkubwa ukawa alama iliyodumu kuliko nyumba. Lakini si kila maiti alipata heshima hiyo. Aliyekufa ameacha watoto alikuwa na kijumba chake na jina lake likatajwa. Aliyekufa bila mtoto aliingizwa katika kundi la wote wasio na wazao, wakakumbukwa kwa pamoja. Jambo hili linastahili kutazamwa kwa makini na wanajeshi. Kijana wa miaka ishirini anayeuawa vitani mbali na kwao, hajaoa wala hajazaa, alikuwa katika hatari ya kufa mara mbili: mara moja kwa risasi, na mara ya pili kwa kukosa mtu wa kumtaja.

Hata leo, ijapokuwa Wakristo na Waislamu ni wengi na vile vijumba vya mawe vimekuwa adimu, jamaa za Arua na Koboko huwazika watu wao katika kiambo cha nyumbani. Kwa Waislamu, ambao ni wengi miongoni mwa Wakakwa na Wanubi, maiti huoshwa, huvikwa sanda, husaliwa na kuzikwa upesi, akielekezwa Kibla. Kwa Wakristo kaburi hujengewa saruji na kuandikwa jina. Namna hutofautiana, lakini maana iliyo chini yake ni moja. Ugomvi wa shamba unapozuka, mzee huwapeleka waamuzi penye makaburi na kuwaonyesha: huyu ni baba, huyu ni babu, huyu ni baba wa babu. Polisi waliowahi kutumwa kutuliza magomvi ya ardhi katika sehemu hizo wanaijua hati hiyo isiyoandikwa. Anayechimbua kaburi au kulisawazisha kwa trekta anafuta ushahidi, na mara nyingi anaanzisha vita vya jamaa.

Katika nchi yenye imani hiyo, dola za kigeni ziliingia kwa silaha. Mwaka 1894 Waingereza walimkodishia Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji eneo la Lado, ambalo Arua na Koboko zilikuwa ndani yake. Leopold alifariki Desemba 1909, na mwaka uliofuata eneo likarudi chini ya Sudani. Katika muda huo wa kubadilishana mikono wawindaji wa pembe za ndovu waliingia humo bila kumwogopa mtu. Mwaka 1914 sehemu ya kusini ikatiwa katika Uganda, na boma la Arua likajengwa mwaka huo huo. Watu wale wale, bila kuhama, walikuwa wamepita katika mikono ya serikali tatu. Juu ya hayo walikuwa wamekwisha pigwa na tauni ya ng'ombe na homa ya uti wa mgongo. Walikuwa na maiti wengi kuliko walivyoweza kuwalilia.

Hapo ndipo alipopata nguvu Rembe, mganga wa Kikakwa, aliyekuwa na maji yaliyoitwa Yakan. Habari zake ziliandikwa na Driberg mwaka 1931, na baadaye na Middleton. Aliyekunywa maji hayo aliahidiwa kwamba risasi haitampata, na kwamba hatalazimika kulipa kodi. Lakini ahadi iliyowavuta watu zaidi ilihusu makaburi: iliaminiwa kwamba wazee waliokufa watarudi, na ng'ombe waliokufa watafufuka. Wafuasi walifanya gwaride wakiwa na mabua badala ya bunduki, wakiiga askari waliowaona. Serikali ya Sudani ilimkamata Rembe na kumnyonga Yei mwaka 1917. Kunyongwa kwake hakukumaliza jambo. Mwaka 1919 wafuasi wa Yakan walipambana na polisi huko Udupi, na watu wakafa pande zote mbili. Wakuu kadhaa wakahamishwa kutoka wilayani.

Msikilizaji wa Tanzania atakumbuka mara moja maji ya Kinjikitile na vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907. Wahenga walikwisha sema kwamba ajali haina kinga, na ni rahisi kwa askari wa leo kumcheka mtu anayekabili bunduki kwa maji. Kicheko hicho hakina haki. Watu walionyang'anywa nchi, mifugo na jamaa katika kizazi kimoja walitaka kurudishiwa vyote kwa pamoja, na wa kwanza katika madai yao walikuwa maiti. Wale polisi waliokufa Udupi, nao wakiwa Waafrika, hawakuwa na kosa kubwa zaidi ya kutumwa. Makaburi yao hayazungumzwi sana, wala ya wale waliowaua.

Wakati huo jeshi lilikuwa limekwisha anza kuwa kazi ya watu wa kaskazini. Chanzo chake ni askari wa Emin Pasha, gavana wa mwisho wa jimbo la Misri la Ikweta, aliyekuwa na makao Wadelai kando ya Mto Naili. Emin alipoondoka na Stanley mwaka 1889 askari wake wengi walibaki. Mwaka 1891 Kapteni Lugard alimkuta Selim Bey na watu wake huko Kavalli, magharibi ya Ziwa Albert, akawachukua hadi Uganda wawe nguvu ya Waingereza. Selim Bey alitumika kwa miaka miwili tu. Alikamatwa mwaka 1893 kwa kushukiwa fitina, akapelekwa pwani ilhali ni mgonjwa, akafia njiani karibu na Naivasha. Hivyo ndivyo alivyoishia mtu ambaye askari wake ndio mababu wa Wanubi wa Arua, Bombo na Kibera, na ndio msingi wa kikosi kilichokuja kuitwa bataliani ya nne ya King's African Rifles. Lugha ya Kiswahili inayosemwa hadi leo katika kambi za Uganda ilienea pamoja na jeshi hilo.

Kikosi hicho kilipigana katika Vita Kuu ya Kwanza. Nyuma yake walitembea wapagazi, na katika Afrika Mashariki nzima takriban laki moja ya wapagazi hao waliteketea kwa njaa, kuhara na malaria. Majina ya mitaa ya Kariakoo katika Dar es Salaam na Kariokor katika Nairobi yametokana na kikosi chao cha uchukuzi. Kwa wengi wao hilo ndilo kaburi pekee walilopata, jina la soko. Mwaka 1927 zilisimamishwa sanamu za askari katika Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam. Sanamu hizo ni nzuri, na askari wa shaba wa Dar es Salaam angali amesimama na singe yake mbele. Lakini hazina jina la mtu hata mmoja. Tume ya Uingereza iliyoshughulikia makaburi ya vita iliwapa maofisa wa Kizungu mawe yenye majina, kwa kanuni yake yenyewe iliyosema kwamba wote walio maiti ni sawa. Kwa Waafrika ikaona sanamu yatosha. Wakubwa wa serikali za kikoloni walikuwa wamesema kwamba Mwafrika hajafikia daraja ya kuthamini jiwe la kaburi.

Maneno hayo yalisemwa juu ya bara ambalo ndani yake Mlugbara alikuwa akimjengea babu yake nyumba ya mawe. Ni vigumu kupata mfano mkubwa zaidi wa ujinga uliovaa mavazi ya elimu. Aprili 2021 tume hiyo hiyo ilichapisha taarifa iliyokiri kosa. Ilisema kwamba watu kati ya 45,000 na 54,000 waliofia dola ya Uingereza, wengi wao Wahindi na Waafrika, walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao, na kwamba wengine wasiopungua 116,000, pengine hata kufika 350,000, hawakutajwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza aliomba radhi bungeni. Radhi ilikuja baada ya miaka zaidi ya mia moja, wakati hata wajukuu wa wapagazi wale walikuwa wazee.

Katika Vita Kuu ya Pili mambo yalikuwa afadhali kidogo. Bataliani ya nne ilipelekwa Burma ndani ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ikashuka bonde la Kabaw mwaka 1944 katika masika na matope, bonde ambalo miaka miwili kabla yake wakimbizi wengi walikuwa wamekufa kwa homa. Waliozikwa huko wana makaburi yanayotunzwa, na walioangamia bila maiti zao kuonekana wameandikwa majina katika mnara wa Taukkyan, nje ya Rangoon. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail ilizamishwa na nyambizi ya Wajapani katika Bahari ya Hindi, watu 1,297 wakafa, mamia kati yao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Hao bahari iliwameza kwa dakika chache. Hakuna jemadari angeweza kuwazika. Lakini kuwaandika majina kuliwezekana, na kulifanyika. Tofauti ya hapo na mwaka 1918 ni kubwa.

Uhuru ulipopatikana, jeshi lilibaki na watu wengi wa West Nile, na mmoja wao akapanda hadi juu. Tarehe 24 Mei 1966 Kanali Idi Amin, ambaye asili ya baba yake ni Koboko, aliongoza jeshi kushambulia jumba la Kabaka Mutesa wa Pili huko Mengo. Kabaka aliponea chupuchupu, akakimbilia Uingereza, akafia London Novemba 1969 na kuzikwa huko. Amin alipotwaa serikali Januari 1971, moja kati ya mambo yake ya kwanza lilikuwa kuamuru maiti irudishwe. Mwisho wa Machi ikafika, ikapokewa kwa heshima za kijeshi, na mwanzoni mwa Aprili ikazikwa Kasubi pamoja na wafalme wengine wa Buganda. Hesabu ya siasa ilikuwamo, bila shaka. Hata hivyo watu walioona jeshi lililompiga Kabaka likiliinamia jeneza lake walielewa kwamba kuna jambo lililokuwa limevunjika na sasa linaungwa.

Serikali hiyo hiyo haikuchelewa kuvunja mengi zaidi. Machi 1974 Luteni Kanali Michael Ondoga, Mlugbara aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje hadi mwezi uliotangulia, alikamatwa, na baadaye maiti yake ikaonekana ikielea katika Mto Naili. Katika miaka hiyo wengi walitupwa mtoni hivyo. Mwuaji anayetupa maiti mtoni hutaka mambo mawili: kuficha kosa, na kuwanyima jamaa mahali pa kulilia. Februari 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum alipouawa, kaburi lilichimbwa kwa ajili yake kando ya kanisa kuu la Namirembe, lakini askari walikwisha ipeleka maiti Mucwini, kijiji cha kwao, ili watu wasiione. Waumini wakasimama kuzunguka shimo tupu na kuimba. Ni mara chache silaha imeshindwa waziwazi kama siku ile.

Amin mwenyewe alifukuzwa Aprili 1979. Alifariki Jidda, Arabuni Saudia, tarehe 16 Agosti 2003, akazikwa siku hiyo hiyo katika makaburi ya Ruwais, bila gwaride wala mzinga. Tangu hapo limezuka mara kwa mara shauri la kuirudisha mifupa yake Koboko. Wako wanaosema kwamba kila mtu ana haki ya kulala kwao, na aliyemrudisha Mutesa naye angerudishwa. Wako wanaouliza walipo wale waliotupwa mtoni. Katika shauri hili, wa kwanza kusikilizwa wangekuwa wale ambao hadi leo hawana kaburi la kulionyesha.

Vita vya mwaka 1979 viliisha hasa Koboko. Majeshi ya Tanzania, yakiwa pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni, yalifika mpaka wa Sudani mwanzoni mwa Juni. Tanzania iliwakusanya mashujaa wake na kuwalaza Kaboya, katika mkoa wa Kagera, mahali ambapo taifa huenda kuwakumbuka. Kama vile waliofia ukombozi wa Msumbiji walivyolazwa Naliendele, Mtwara. Jeshi lililoshindwa halikuwa na Kaboya. Vijana wa Koboko na Arua waliokufa wakirudi nyuma kutoka Masaka na Lukaya waliachwa kando ya njia. Ndugu zao waliobaki hai waliingia Sudani na bunduki zao, na Oktoba 1980 walirudi wakashambulia Koboko na kusonga hadi Arua.

Kilichofuata ndicho kiini cha habari hii. Jeshi jipya la taifa, UNLA, liliwafukuza wavamizi, kisha likawageukia wenyeji kana kwamba kila mwenye kuzaliwa West Nile ni askari wa Amin. Nyumba zikachomwa, mji wa Arua ukaporwa, na mamia ya maelfu wakavuka mpaka kuingia Sudani na Zaire. Katikati ya mwaka 1981 Tanzania ilikuwa inamaliza kuondoa askari wake. Waasi wakaingia tena Arua, wakatoka, UNLA ikarudi. Maelfu ya raia walikuwa wamejaa katika misheni ya Ombaci, ambako mapadre wa Comboni na wajumbe wa Msalaba Mwekundu walikuwa wakiwatibu majeruhi. Tarehe 24 Juni askari waliingia na kufyatua risasi na kurusha mabomu ya mkono juu ya watu wasio na silaha. Idadi zilizotolewa tangu siku hiyo hazilingani: nyingine zinahesabu makumi ya maiti, nyingine zinapita mia. Kutolingana huko nako ni sehemu ya kosa. Jeshi lenye nidhamu huhesabu hata magamba ya risasi zake. Halishindwi kuhesabu watu.

Walionusurika waliwazika waliokufa kwa pamoja, upesi, kwa hofu. Kwa watu ambao kaburi ni hati ya ukoo, kumlaza baba na mtoto wa jirani na mgeni asiyejulikana katika shimo moja lilikuwa jeraha juu ya jeraha. Hapakuwa na mti wa kupandwa kwa ajili ya mmoja. Wengine walikwenda kuzika ng'ambo. Mwanachuoni Barbara Harrell-Bond, aliyefanya uchunguzi kati ya wakimbizi hao katika wilaya ya Yei na kutoa kitabu mwaka 1986, alieleza jinsi kukosa kitambaa cha kuwavika maiti kulivyowatesa wakimbizi. Mashirika yalipima unga, mafuta na dawa kwa ajili ya walio hai. Ilichukua muda kutambua kwamba mtu mwenye njaa aweza bado kuona aibu kubwa zaidi ya kumfukia mama yake bila sanda.

Watu waliporudi kidogo kidogo katika miaka ya themanini, nyumba zilikuwa zimeteketea na nyasi ndefu zimefunika njia. Makaburi ya zamani, pamoja na miti yake, yalisaidia kuonyesha mji wa fulani ulikuwa wapi.

Isidhaniwe kwamba mwaka 1981 hapakuwa na sheria. Uganda ilijiunga na Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949 tangu 1964. Mkataba wa kwanza unaamuru kwamba baada ya mapigano maiti watafutwe na walindwe wasiporwe; kwamba kila mmoja achunguzwe ili ajulikane ni nani; kwamba azikwe peke yake kadiri hali inavyoruhusu, kwa heshima, na ikiwezekana kwa taratibu za dini yake; kwamba kaburi litiwe alama ili lionekane tena. Kile kibati cha utambulisho anachovaa askari shingoni, kikiwa cha vipande viwili, kipande kimoja hubaki na maiti. Asichomwe moto ila kwa sababu kubwa za afya au za dini yake. Itifaki ya pili ya mwaka 1977, ambayo Uganda iliikubali mwaka 1991, inapeleka wajibu wa kuwatafuta na kuwasitiri maiti hadi katika vita vya ndani, ambako adui ni mtu wa nchi moja na pengine wa kijiji kimoja. Mikataba haiulizi kama marehemu alikuwa mwasi.

Wala wazo hili halikuzaliwa Geneva. Waathene wa kale, kama alivyoandika mwanahistoria wao Thucydides, waliwazika waliokufa vitani kwa gharama ya dola: masanduku kumi ya mifupa, moja kwa kila kabila, na nyuma yake jeneza moja tupu lililotandikwa, likibebwa kwa ajili ya wale ambao maiti zao hazikupatikana. Mwaka 1920 Waingereza na Wafaransa, kila mmoja katika mji wake mkuu, walimzika askari mmoja asiyejulikana, kwa niaba ya wote. Na wale waliosoma mchezo wa Shakespeare juu ya Kaizari, ambao Mwalimu Nyerere aliutoa kwa Kiswahili mwaka 1963, watakumbuka unavyoishia. Bruto amejiua baada ya kushindwa. Yeye ni mmoja wa waliomwua Kaizari, na walioshinda ni rafiki na mrithi wa Kaizari. Wangeweza kumwachia tai. Badala yake wanaamuru alazwe hemani mwa mkuu wao usiku ule, kama askari, na azikwe kwa taratibu zote. Watu wengi hukariri hotuba za katikati ya mchezo huo. Kwa askari, amri hiyo ya mwisho ni darasa kubwa zaidi.

Kamanda anaweza kutoa amri kama hiyo kwa maneno machache, akiwa amechoka na amekasirika. Kinachotakiwa ni daftari, kalamu, majembe na mlinzi wa kuzuia uporaji. Kwa upande wa polisi kazi ni hiyo hiyo wakati wa amani: maiti aliyeokotwa barabarani huandikwa alama zake na mavazi yake kabla ya kuzikwa, ili mama atakayefika baada ya mwezi mmoja aweze kuonyeshwa mahali. Katika West Nile mama kama huyo akionyeshwa mahali, ataomba jambo moja tu, kibali cha kumrudisha mwanawe nyumbani.

Siku hizi njia ya wakimbizi imegeuka. Waliokuwa wenyeji katika Sudani na Zaire ya zamani ndio wanaokuja Uganda. Tangu mwaka 2016 maelfu kwa maelfu kutoka Sudani Kusini wamepokewa Bidi Bidi, katika Yumbe, na huko Imvepi na Rhino Camp; na Lobule, katika wilaya ya Koboko, wanakaa Wakongo. Baadhi yao ni watoto wa watu waliowakopesha majembe wakimbizi wa mwaka 1980 wachimbe makaburi. Sasa nao wanakufa ugenini, na wenye ardhi wa Koboko na Arua wanaombwa nafasi ya kuzikia. Juu ya makaburi hayo mapya huwekwa mawe machache na wakati mwingine kibao chenye jina na tarehe, kikitazama upande wa mpaka.